Makarani wa Kura

Kura ya Kenya huhesabiwa papo hapo kituoni, mara nyingi darasani, na makarani walioamka kabla ya kituo kufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Masanduku ni sita. Kila karatasi huinuliwa mawakala wa wagombea waione, jina lisomwe. Wakala ana haki ya kudai hesabu irudiwe, hadi mara mbili, hata kama ni saa nane usiku na macho yanawasha. Ndipo Fomu 34A ya urais hujazwa, hutiwa sahihi, na nakala hubandikwa mlangoni. Mwaka 2022 fomu hizo ziliwekwa mtandaoni, mwenye bando akajijumlishia. Ajira yenyewe ya ukarani ni ya siku chache. Masanduku yakishakabidhiwa, karani anarudi kutafuta kibarua kingine.