Kuusoma Udongo wa Mawe kwa Vidole

Malisho ya Kawaihae, upande mkavu wa kisiwa kikubwa cha Hawaii, yamejaa mawe hata mgeni huuliza ng'ombe wanakula nini. Udongo upo, katikati na chini ya mawe hayo. Umetokana na majivu ya volkano, na mara nyingi kina chake hakifiki mita moja kabla ya kugota mwamba wa zaha. Anayetaka kuujua huhitaji sururu, kisu, chupa ya maji na vidole vilivyozoea. Ni kazi ya mpima udongo, na katika kazi zote za shambani ndiyo ninayoivulia kofia.

Huanza juu ya ardhi. Mpima hunyoosha futi kamba malishoni na kuandika mawe yanayoangukia chini yake. Kwa vipimo vya Wamarekani, jiwe ni kipande chenye upana wa milimita 250 hadi 600. Kikizidi hapo ni jabali, kikipungua ni kokoto, kisha changarawe hadi milimita 2. Mawe na majabali yakifunika asilimia 3 hadi 15 ya ardhi, malisho huingizwa katika daraja la mawe mengi kupita kiasi. Asilimia 3 huonekana ndogo kwenye karatasi. Mwulize mwenye trekta la kufyekea nyasi.

Linafuata shimo, na hapo haraka haisaidii. Mtaimbo hutangulia, sururu hufuata, na mawe makubwa hutolewa kwa mikono. Ukuta mmoja wa shimo husafishwa taratibu kwa ncha ya kisu, kwa sababu beleshi huusugua udongo na kuuficha ulivyojipanga. Matabaka yakishajitokeza, kila mpaka huchomekwa msumari. Kisha mpima huchukua bonge dogo, hulilowanisha, hulipa jua mgongo, na kulipitisha nyuma ya vitundu vya kitabu cha rangi cha Munsell mpaka lilingane na moja ya rangi zake. Huandika, kwa mfano, 5YR 3/2, yaani kahawia iliyokoza yenye wekundu. Hurudia kwa bonge kavu, kwani udongo uleule hubadilika rangi ukikauka.

Zamu ya vidole ndiyo tamu kuliko zote. Udongo hukandwa kwa maji kiganjani, kisha dole gumba huusukuma juu ya kidole cha shahada utoke utepe. Utepe mrefu ni dalili ya mfinyanzi. Utepe ukikataa kabisa, mchanga umezidi. Lakini ukipanda kutoka Kawaihae kwenda Waimea, mvua zinavyoongezeka, majivu ya volkano huanza kumchezea mwanagenzi. Bonge linaonekana tifutifu, halionyeshi maji mengi. Akilifinya kwa nguvu na kulisugua, linaachia maji ghafla na kuteleza kama sabuni; akiliacha, linashikamana tena. Anayejua kazi haandiki "mfinyanzi" hapo. Anajua ameshika madini kama alofani, yasiyo na umbo la fuwele, yanayohifadhi maji mengi na kuufanya udongo uwe mwepesi: sentimita moja ya ujazo, ikikaushwa, haizidi gramu 0.9. Akitaka uhakika, huweka chembe za udongo kwenye karatasi iliyotiwa fenolftaleini na kudondoshea floridi ya sodiamu. Karatasi ikiwa nyekundu, vidole vimesema kweli.

Ugunduzi huo una bei sokoni. Madini hayohayo huikamata fosfeti na kuing'ang'ania. Mfugaji humwaga mbolea ya fosfeti, na sehemu kubwa hubaki kwenye udongo bila kuifikia nyasi.

Mwisho huangaliwa mizizi. Sehemu nyingi za malisho ya nyanda za juu kisiwani zimetandwa na nyasi za Kikuyu, zilizotoka nyanda za juu za Afrika Mashariki na kupewa jina la Wakikuyu wa Kenya. Juu zinaweza kuonekana sawa shamba zima. Shimoni, penye zaha ya ʻaʻā, iliyovunjika vipande na kuacha nyufa, mizizi inapenya na kwenda chini. Penye pāhoehoe, zaha iliyoganda bamba zima, mizizi inafika, inapinda na kutambaa pembeni. Mpima huandika kina ambapo mizizi hupinda, maana kiangazi kikija, hapo ndipo nyasi zitaanza kukauka.

Wenyeji wa Hawaii walijua kwamba udongo hutofautiana mahali na mahali kabla ya ng'ombe kufika. Ng'ombe wa kwanza waliletwa na nahodha George Vancouver mwaka 1793. Kabla ya hapo, watu wa Kohala, kisiwani humohumo, walilima viazi vitamu kwenye ukanda maalumu wa mteremko: chini yake pakavu mno, juu yake mvua imeshaosha rutuba. Watafiti wa miaka ya karibuni walipopima udongo, walikuta mipaka ya mashamba yale inakaribiana sana na mahali rutuba inapobadilika. Wakulima wale hawakuwa na kitabu cha Munsell wala maabara. Walikuwa na mikono na vizazi vya kutazama.

Ninachokipenda zaidi katika kazi hii ni adabu yake. Mpima huandika rangi, mguso, mawe, mizizi na mipaka ya matabaka kwanza, na jina la udongo huja baadaye. Maelezo ya tabaka hayana nafasi ya kuandika "udongo mzuri" au "udongo mbaya". Hukumu husubiri ushahidi.

Nasi Watanzania tuna udongo wa majivu ya volkano, kwenye miteremko ya Meru, Kilimanjaro na Rungwe. Wataalamu pia tunao: Chuo Kikuu cha Sokoine kinawafundisha Morogoro, na kituo cha TARI Mlingano, Tanga, kinashughulikia udongo. Kwa hiyo, msomaji mwenye shamba, kabla hujanunua mfuko mwingine wa mbolea ya DAP, mwite afisa kilimo wako, mchimbe shimo pamoja, na uuguse udongo wako kwa mkono wako mwenyewe.