Kabla ya Miwani Kupanda Puani

Hapa Namakwekwe, Mbale, kuna fundi ambaye hakukabidhi miwani mpaka aipime upya. Lenzi amezikata mwenyewe, lakini haziamini mpaka zijithibitishe.

Mashine ya kupimia anayo. Umeme ukikatika, anarudi kwenye mikono. Ukutani amechora msalaba wa mistari myeusi. Anaishika miwani mbele ya jicho lake na kuisogeza polepole kushoto na kulia. Lenzi ikiwa ya plasi, mstari hukimbilia upande wa pili. Ikiwa ya mainasi, hufuata mkono. Hapo huchomoa sandukuni lenzi ya nguvu ya kinyume, akaiweka juu yake, akasogeza tena, akabadilisha, akasogeza. Mstari ukitulia tuli, nguvu za lenzi mbili zimefutana, naye husoma namba ya ile ya sandukuni. Kisha anaizungusha miwani: mistari ikijipinda kama mkasi, silinda ipo, na mhimili wake sharti ulingane na cheti cha vipimo vya macho. Mwisho hutia nukta ya wino kwenye kitovu cha kila lenzi, akapima kwa rula kama nukta hizo zinaangukia mboni za mwenye miwani.

Nukta hiyo ndiyo inayopuuzwa siku hizi. Lenzi ya dayopta 5 ikikosea mboni kwa milimita 4, tayari inapinda mwanga kwa prizimu 2. Nguvu ni sahihi, cheti ni sahihi, na bado mama wa watu anaumwa kichwa. Akirudi dukani huambiwa, "Utazoea, mama." Wengine huzoea kweli. Wengine huifungia miwani kabatini na kuulaumu uzee.

Zamani macho ya wilayani yalitunzwa zaidi na maafisa tabibu wa macho waliosomea Jinja. Shahada ya optometria ilianza Makerere mwaka 2014. Wataalamu wanaongezeka, alhamdulillahi, ila subira sioni ikiongezeka. Sokoni miwani inauzwa kwa mafungu, nguvu moja macho yote mawili. Kwa mzee asomaye Biblia au Kurani jioni huenda ikatosha, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na duka lenye mashine mezani, imefunikwa kitambaa, huku miwani ikipita kando yake moja kwa moja hadi mkononi mwa mteja.

Basi ndugu msomaji, usimalize salio kabla fundi hajaipima miwani mbele yako na kukusomea namba moja moja, cheti ukiwa umekishika wewe.