Rashidi Watatu: Jina la Kawaida na Uwakilishi wa Umma katika Masimulizi ya Maisha

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, mtu anayechangia jina na mwenzake huitwa somo au wajina. Neno somo lina maana ya funzo pia, na maana hizo mbili zinakaribiana katika mada ya makala haya. Makala yanasoma maandishi matatu ambayo mtu wake mkuu anaitwa Rashidi. La kwanza ni masimulizi ya maisha ya Rashid bin Hassani, yaliyoandikwa na W. F. Baldock na kuchapishwa katika mkusanyiko wa Margery Perham uitwao Ten Africans (1936). La pili ni Kuli (1979), riwaya ya Adam Shafi. La tatu ni wasifu ulioandikwa na John M. J. Magotti, Simba wa Vita katika Historia ya Tanzania: Rashidi Mfaume Kawawa (2007).

Rashidi ni jina la kawaida. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni mtu aliyeongoka, anayefuata njia iliyo sawa. Makhalifa wanne wa kwanza wa Uislamu huitwa Rashidun kwa maana hiyo hiyo, na Harun al-Rashid wa Baghdad anajulikana kwa wasomaji wa Kiswahili kupitia hadithi za Elfu Lela Ulela. Hata hivyo, anayeitwa Rashidi gatini au shambani hahesabiwi kuwa mrithi wa makhalifa. Jina limetumika sana hata likapoteza utukufu wake na kuwa mali ya kila mtu. Hilo ndilo linalolifanya lifae kuchunguzwa.

Swali linaloongoza uchambuzi limetokana na mazoea ya kuitana katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, na hasa Mbaha, katika Wilaya ya Nyasa iliyogawanywa kutoka Mbinga mwaka 2012. Ufukweni huko majina mengi yaliingia kwa ubatizo. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilieneza kazi yake kwa meli, ikiwamo Chauncy Maples iliyoanza safari mwaka 1901, na Padri William Percival Johnson aliutumikia mwambao huo hadi alipofariki Liuli mwaka 1928. Orodha ya majina ya watakatifu ni fupi kuliko orodha ya watu. Akiitwa Yohana au Maria, huitika zaidi ya mmoja. Kwa hiyo mwitaji huongeza kitu: jina la baba, mtaa, kazi, au sifa. Kiongezwacho humtambulisha anayeitwa, na papo hapo hufichua kile ambacho mwitaji anakiona kuwa muhimu kwake. Makala haya yanadai kwamba vitabu hufanya vivyo hivyo. Kila kimoja kati ya vitabu vitatu kimeliongezea jina Rashidi kiambatisho chake, nacho kiambatisho hicho kinaamua kama masomo wengine, yaani Rashidi wasioandikiwa kitabu, watabaki ndani ya masimulizi au watatolewa nje.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Uchambuzi unaegemea mawazo mawili. Ian Watt, katika The Rise of the Novel (1957), anaeleza kwamba riwaya ya kihalisia ilijitenga na tanzu za awali kwa kuwapa wahusika majina kama yale ya watu wa kila siku, ili kila mhusika aonekane kuwa mtu mahususi na si mfano wa tabia. Philippe Lejeune, katika Le Pacte autobiographique (1975), anaona kwamba tawasifu husimama juu ya mkataba baina ya mwandishi na msomaji, na kwamba jina la mtu ndiyo sahihi ya mkataba huo.

Fasihi ya Kiswahili inayatia mawazo haya katika mtihani. Shaaban Robert aliwapa wahusika majina yanayotaja tabia zao, kama Adili na Utubora. Msomaji hategemei kukutana na Utubora sokoni. Kwa upande mwingine, Muhammed Saleh Farsy aliita riwaya yake Kurwa na Doto (1960), majina ambayo desturi huwapa pacha kwa utaratibu wa kuzaliwa kwao. Hapa jina halimtofautishi mtu na wengine. Linamweka katika nafasi ambayo wengi wamekwisha kuikalia. Rashidi lipo kati ya ncha hizo mbili. Lina maana ya tabia njema kama Adili, na limeenea kama Kurwa. Kwa hiyo hoja ya Watt kwamba jina la kawaida huzaa mtu mahususi haitoshi. Jina la kawaida laweza pia kufungua mlango ili wengi waingie.

3.0 Uchambuzi

3.1 Rashidi wa kabila

Masimulizi ya mwaka 1936 yanamtambulisha msimulizi kwa kichwa kinachotaja jina lake, jina la baba, kabila na nchi: yeye ni Rashid bin Hassani wa kabila la Wabisa, wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kichwa hicho kina mgongano ndani yake. Ubisa ni bara, magharibi ya Ziwa Nyasa. Rashid na Hassani ni majina ya pwani na ya Uislamu. Aliyezaliwa Ubisa katika karne ya 19 hakupewa jina hilo na wazee wa kwao. Alilipata upande wa pili wa safari, kwa kuwa alichukuliwa utumwani akiwa mtoto na kufikishwa Unguja. Jina lake la kawaida, ambalo Unguja halikumshangaza mtu, ni alama ya kovu. Lilimfanya afanane na wengine mahali ambapo asili yake ilikuwa imekatwa.

Jambo hili lina uzito kwa msomaji wa mwambao wa Nyasa. Mojawapo ya njia kuu za misafara ya watumwa ilivuka ziwa hilo kuelekea Kilwa. Watu wengi walipita njia hiyo wakiwa na jina moja na wakafika baharini wakapewa jingine. Katika hali hiyo, mkataba anaouzungumzia Lejeune unayumba. Jina lililo juu ya masimulizi halikutolewa na wazazi. Maneno yameandikwa na mwingine, tena yamechapishwa kwa Kiingereza. Na kabila limetajwa katika kichwa ili msomaji wa Uingereza apate pa kumweka msimulizi. Mhariri alikusanya maisha ya Waafrika kumi, na katika mpango huo kila mmoja alihitaji anwani. Kabila ndilo lililofanya kazi ya anwani.

Hata hivyo, haifai kuyatupa masimulizi haya kwa sababu ya mkono wa kikoloni uliomo. Yanahifadhi nafsi ya kwanza ya mtu aliyekuwa mtumwa, jambo ambalo ni haba katika maandishi ya Afrika Mashariki. Kasoro yake ipo katika kiambatisho. Kwa kumwita wa kabila la Wabisa, kichwa kinamrudisha mahali alipotolewa na kunyamazia jamii ambayo jina lake lenyewe linaishuhudia, yaani watu wa asili mbalimbali waliokutana Unguja na kuitwa kina Rashidi.

3.2 Rashidi wa kazi

Adam Shafi anafanya kinyume. Jalada la riwaya yake halimtaji mtu, linataja kazi. Rashidi wa Kuli ni mwana wa kuli, naye anakuwa kuli katika bandari ya Unguja. Hana jina la ukoo linalomtangulia wala nasaba ya kujivunia. Riwaya inamfikisha katika harakati za wafanyakazi zilizozaa mgomo wa mwaka 1948, ambao katika historia ulianzia bandarini na kuenea kuwa mgomo mkuu.

Baba yake Rashidi katika riwaya ni Majaliwa. Uhusiano wa majina haya mawili unastahili kuzingatiwa. Majaliwa ni kile ambacho mtu amepangiwa, asichokuwa na uwezo wa kukigeuza. Rashidi ni aliyeongozwa hata akaiona njia. Kizazi cha baba kinaupokea mzigo kama kudura. Kizazi cha mwana kinauliza nani ameupanga. Shafi hakuhitaji kubuni majina ya kimaadili kwa mtindo wa Shaaban Robert ili kulisema hili. Aliyachukua majina mawili ambayo yangeweza kupatikana katika mtaa wowote, akayapanga kwa utaratibu wa baba na mwana, na maana ikajitokeza bila kutangazwa.

Kwa kuwa jina Rashidi halina kiambatisho isipokuwa kazi, linabaki wazi. Wengi wa makuli wa Unguja wa miaka ya 1940 walikuwa wahamiaji kutoka bara. Hao wanaweza kuingia katika jina la mhusika bila kubisha hodi. Hapa inafaa kukumbuka kwamba Wilaya ya Songea ya wakati wa ukoloni, iliyojumuisha Mbinga na mwambao wa ziwa, ilikuwa chanzo kikubwa cha vibarua wa mashamba ya mkonge. Vibarua hao waliitwa manamba, kwa sababu mtu alipoandikishwa alipewa namba. Kwa mwajiri, jina halikuhitajika. Riwaya inayompa kibarua jina, hata likiwa jina la kila mtu, inarudisha kitu kilichochukuliwa na daftari la mwajiri.

Uwazi huo una gharama. Mhusika anayebeba wengi anaweza kukosa mambo yake mwenyewe. Rashidi wa Kuli anatawaliwa na safari ya kuamka kifikra, kiasi kwamba msomaji anajua anakoelekea kabla hajafika. Aidha, umma unaowakilishwa kwa jina hilo ni umma wa wanaume wa gatini. Mama yake, Mashavu, anabeba sehemu kubwa ya uchungu wa ukuli, lakini jina la kazi lililo juu ya jalada halimhusu.

3.3 Rashidi wa sifa

Rashidi Mfaume Kawawa alizaliwa mwaka 1926 Matimira, Songea, katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Ruvuma. Kabla ya kuwa kiongozi aliigiza filamu, ikiwamo Muhogo Mchungu. Mwaka 1955 lilipoundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika, TFL, alikuwa Katibu Mkuu wake. Kwa hiyo Rashidi wa historia na Rashidi wa riwaya ni masomo kwa maana zaidi ya moja: wote wawili walitokea katika harakati za wafanyakazi wa muongo uleule au unaoukaribia.

Kichwa cha kitabu cha Magotti kinaanza na sifa, Simba wa Vita, kikafuatia na historia ya taifa, na jina la mtu likawekwa mwisho. Mpangilio huu ni wa utanzu wa sifa, na una heshima yake katika jadi zetu. Lakini unaleta swali la kihakiki. Simba ni mmoja. Makuli ni wengi. Sifa inapotangulia, jina la kawaida linakuwa kama ngazi iliyokwisha kupandwa. Hali hii haikuanzishwa na Magotti. Dar es Salaam kuna Barabara ya Kawawa, wala si Barabara ya Rashidi. Mtu anapoingia katika kumbukumbu rasmi ya taifa, jina alilochangia na wengi hudondoka na kubaki lile lisilo na somo.

Swali linakuwa zito zaidi katika tukio la mwaka 1962. Kawawa alikuwa Waziri Mkuu kuanzia Januari mwaka huo, na ni katika mwaka huo sheria mpya za migogoro ya kazi na vyama vya wafanyakazi zilibana mno uwezekano wa mgomo halali. Mwaka 1964 TFL ilivunjwa na NUTA ikachukua nafasi yake. Zipo hoja za kuitetea hatua hiyo: taifa lilikuwa changa, na wafanyakazi wa mshahara walikuwa wachache kuliko wakulima. Zipo pia hoja za kuipinga. Jukumu la mhakiki si kumhukumu kiongozi, bali kuonesha kwamba kiambatisho cha sifa hakina nafasi ya kubeba mgongano huo. Mtu aliyeongoza vyama na kisha kuongoza serikali iliyovibana ni mhusika mwenye utata wa kutosha riwaya nzima. Simba wa Vita hana utata huo, kwa sababu simba hagombani na nafsi yake.

4.0 Mjadala

Uchambuzi unaonesha viambatisho vitatu: kabila, kazi na sifa. Kabila linamweka mtu katika ramani ya mtawala. Sifa inamweka katika orodha ya mashujaa wa taifa. Vyote viwili vinamwondoa miongoni mwa masomo wake. Kazi peke yake ndiyo inayomwacha kati yao, ingawa kwa kupunguza upekee wake na kwa kuwasahau wanawake.

Matokeo haya hayamaanishi kwamba riwaya ni bora kuliko wasifu kwa asili yake. Masimulizi ya Rashid bin Hassani yana kitu ambacho Kuli haina: mtu aliyeishi, akasema kwa kinywa chake. Wasifu wa Kawawa una ukweli wa matukio ambao riwaya haudaiwi. Tofauti iko katika namna kila kitabu kinavyolitendea jina lililochangiwa. Jina la namna hiyo ni deni. Anayeandikiwa kitabu analibeba kwa niaba ya wengi ambao hawataandikiwa, na mwandishi anaweza kulilipa deni hilo au kulisamehe bila idhini ya wanaodai.

5.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba jina la kawaida katika masimulizi ya maisha si pengo linalopaswa kujazwa haraka kwa cheo, kabila au sifa. Ni mahali ambapo mtu mmoja na umma hukutana. Tafiti zijazo zinaweza kukitumia kigezo cha kiambatisho katika kuchunguza wasifu wa viongozi wengine wa Tanzania, na pia katika majina ya kike, ambayo kabila, kazi na sifa huyagusa kwa namna nyingine. Kwa mwambao wa Nyasa, ambako wengi waliondoka wakiwa na jina la ubatizo na kuandikwa namba, kazi iliyo karibu zaidi ni kukusanya masimulizi ya manamba waliorejea na ya wake waliobaki. Mtafiti atakayefanya hivyo atakutana na kina Yohana, kina Maria na kina Rashidi wengi katika daftari moja. Asiharakishe kuwatofautisha kabla hajawasikiliza wenyewe wanavyoitana.