Kunengua kwa Mapigo 240: Mwili, Sahani na Usingizi wa Dansa wa Dar es Salaam

Singeli huchezwa kwa mapigo kati ya 200 na 300 kwa dakika. Bongo Fleva nyingi hutembea karibu na 100, kwa hiyo dansa anayehama kutoka muziki mmoja kwenda mwingine katika shoo moja anatakiwa kuzidisha kasi mara mbili au zaidi bila kubadili nguo wala kupumzika. Muziki huu ulichipuka Manzese, Tandale na vitongoji jirani mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukirithi mengi kutoka mchiriku, uliokuwa ukipigwa kwa ngoma na vinanda vidogo vya Casio. Mwaka 2017 albamu ya Sounds of Sisso, iliyokusanya kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, iliufikisha Ulaya. Wasikilizaji wa huko walishangazwa na kasi ya ala. Aliyeizoea kasi hiyo kwenye vigodoro, sherehe za mtaani za usiku kule Uswahilini, hushangazwa zaidi na miili inayoifuata.

Kwa mapigo 240 kwa dakika, pigo moja huja kila robo sekunde. Usain Bolt alipoweka rekodi ya mita 100 mjini Berlin mwaka 2009 alipiga hatua 41 katika sekunde 9.58, sawa na hatua 257 hivi kwa dakika, na alihitaji kuihimili kasi hiyo kwa muda usiofika sekunde kumi. Dansa wa singeli hukaa ulingoni dakika nne au tano. Kwenye kigodoro, ambako muziki haukatiki kati ya wimbo na wimbo, anaweza kukaa nusu saa. Angekanyaga kila pigo, angekuwa anakimbia mbio za mita 100 mfululizo. Hakanyagi kila pigo. Miguu yake huchukua pigo la pili au la nne, yaani hatua 120 au 60 kwa dakika, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea. Mapigo yaliyobaki huachiwa kiuno, mabega na viganja.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Kiungo kinapokwenda na kurudi kwa umbali uleule, kuzidisha kasi mara mbili huzidisha nguvu inayohitajika mara nne. Dansa anayetaka kiuno chake kifuate mapigo 240 kwa nguvu ileile aliyotumia kwenye 120 hana budi kupunguza upana wa mzunguko hadi robo. Ndiyo maana chipukizi huonekana wakihangaika na wakongwe huonekana wametulia: chipukizi anataka kukata kiuno kwa upana wa rumba katika kasi ya singeli, na misuli ya mgongo inamsaliti kabla wimbo haujafika katikati. Mkongwe anacheza kidogo. Magoti yake yamelegea, uzito uko mbele ya nyayo, na kazi kubwa inafanywa na magoti yanayopokezana, moja likinyooka kidogo huku jingine likikunjika, hivyo nyonga zikapanda na kushuka zenyewe. Kifua hakitikisiki. Anayejaribu kukisukuma kiuno kwa misuli ya tumbo na mgongo peke yake atachoka, na kesho yake atalalamika kuwa kiuno kinamuuma.

Ujuzi huu haukuanza na kompyuta za watayarishaji wa singeli. Sindimba ya Wamakonde huwafundisha watoto kutenganisha nyonga na kifua, na mdundiko wa Wazaramo, wenyeji wa Dar es Salaam na Pwani, hufundisha kufanya hivyo huku mtu anatembea na msafara mtaani. Kanga inayofungwa kiunoni ina kazi yake pia: pindo lake huchelewa kidogo nyuma ya mwili, likaukuza mtikisiko mdogo mpaka uonekane na aliyekaa mbali. Bagamoyo, takriban kilomita 70 kaskazini ya jiji, Chuo cha Sanaa kilichofunguliwa mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa, kinafundisha ngoma hizi kama somo. Madansa wengi wa jijini hawajapita huko. Wamejifunza kwenye ngoma za mtaani, kwenye vikundi vya shule na kwenye simu, wakirudia video moja mpaka bando liishe.

Jambo moja ambalo video hufundisha vibaya ni kusimama. Anayetazama singeli huamini anaona mwendo tu, lakini kasi huonekana kwa sababu ya vituo. Dansa akiganda kwa mapigo manne, sekunde nzima, kisha akaachia, jicho hulinganisha utulivu na mwendo na kuona mwendo umeongezeka. Kikundi kizuri hupanga vituo hivyo kwa zamu, mmoja akiingia katikati kumwaga radhi, wengine wakishikilia hatua ndogo pembeni. Kwa jicho la mtazamaji huo ni mpangilio wa sanaa, na kwa moyo na mapafu ni mapumziko. Sekunde 30 za nguvu na dakika moja ya hatua nyepesi ni namna nzuri ya kufika mwisho wa shoo bila miguu kuishiwa nguvu.

Tatizo la pili ni sakafu. Kumbi za dansi zilizojengwa kwa kazi hiyo huwekewa mbao zenye nafasi chini yake, ili sakafu ibonyee na kupunguza kishindo. Dar es Salaam sakafu za namna hiyo ni chache. Wanaojifunza dansi ya kisasa katika shule ya Muda Africa, au wanaopata nafasi Nafasi Art Space kule Mikocheni, wana mahali palipotengwa kwa sanaa. Wengine hufanya mazoezi kwenye veranda ya shule, uwanja wa ofisi ya serikali ya mtaa, au barazani kwa mtu. Saruji haibonyei. Kila kuruka hurudi kwenye muundi, goti na mgongo kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili mara kadhaa, na maumivu ya mbele ya muundi ndiyo dalili ya mwanzo. Mchanga wa ufukweni, ambao vikundi vingi huupenda asubuhi, hupunguza kishindo lakini huchosha misuli ya vigimbi haraka na huyumbisha vifundo. Mpango wenye akili ni kugawa: kuruka kufanyike mchangani, hatua za kupanga na kukariri zifanyike kwenye saruji kwa raba zenye soli nene, bila kuruka. Vikundi vingi hufanya kinyume, kwa sababu spika iko barazani.

Kisha chakula. Dansa kijana mwenye kilo 60, anayefanya mazoezi ya saa mbili hivi kwa siku, anahitaji gramu 300 hadi 400 za wanga. Robo kilo ya unga wa sembe, ugali wa mtu mwenye njaa ya kweli, hutoa kama gramu 190. Kwa hiyo sahani ya mama ntilie, inayodharauliwa na wanaosoma mitandao ya lishe ya Ulaya, inafaa kabisa kwa kazi hii: wali na maharage, ugali na dagaa, mihogo, viazi vitamu, ndizi za kupika. Dagaa wakavu ni protini kwa zaidi ya nusu ya uzito wao. Gramu 50 zinatoa gramu 30 hivi, sawa na mayai matano. Protini ya siku kwa mwili huo ni gramu 72 au zaidi, na hufikika bila nyama ya ng'ombe na bila mikebe ya unga inayouzwa gimu.

Kinachokosewa ni saa. Ratiba ya kawaida ya dansa wa Mbagala au Gongo la Mboto huanza kwa chai na maandazi mawili, daladala mbili, mazoezi ya saa tano asubuhi, mchana wa kuunga-unga, shoo ya usiku, halafu chipsi mayai saa saba za usiku. Chakula kingi cha siku kinaingia mwilini baada ya kazi kwisha. Mafuta ya chipsi hukaa tumboni muda mrefu na kuvuruga usingizi, ilhali mazoezi ya asubuhi yalifanywa na mwili ambao akiba yake ya wanga ilikuwa nusu. Kuhamisha mlo mkubwa hadi saa tatu kabla ya shoo, kula ndizi mbivu mbili saa moja kabla ya kupanda jukwaani, na kumaliza usiku kwa kitu chepesi kama uji au wali kidogo na maharage, hakuongezi gharama hata shilingi. Kashata ya karanga ni nzuri baada ya kazi. Kabla ya kazi ina mafuta mengi mno.

Chai nayo ina hesabu yake. Ikinywewa pamoja na mlo hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa kutoka kwenye maharage na mboga, na kwa wasichana, wanaopoteza damu kila mwezi, hilo ni jambo la kuangaliwa kwanza. Kuisogeza chai saa moja mbali na mlo na kukamulia ndimu kwenye mchicha au matembele hubadilisha mengi. Dansa anayepanda ngazi akahema kuliko zamani, huku mazoezi ni yaleyale, apime damu kabla ya kulaumu uvivu.

Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa mwaka 2014 maelezo ya hali ambamo mwili wa mchezaji hukosa nishati ya kutosha baada ya mazoezi kuchukua sehemu yake. Msichana mwenye kilo 40 za mwili usio mafuta anahitaji kalori 1,800 hivi kwa ajili ya mwili kujiendesha, nje ya zile zinazotumika kwenye dansi. Zikishuka chini ya 1,200 kwa muda mrefu, hedhi huweza kukatika, mifupa hudhoofika, na majeraha madogo hayaponi. Katika baleti upungufu huu aghalabu hutokana na kutaka wembamba. Uswahilini sababu ni nauli, foleni na posho inayolipwa mwishoni mwa shoo: msichana anayependwa kwa umbo lake lililojaa anaweza kuwa na njaa ya mwili sawa na mwenzake wa Paris. Hedhi iliyokatika miezi mitatu bila ujauzito ni sababu ya kumwona daktari, hata kama nguo zote zinambana.

Kuhusu maji, joto la Januari na Februari huzidi nyuzi 30 na hewa ina unyevu mwingi, hivyo jasho hudondoka badala ya kukauka na haliupozi mwili sawasawa. Lita moja kwa saa inaweza kupotea. Madafu hurudisha maji na potasiamu, lakini chumvi yake ni kidogo. Bakuli la supu yenye chumvi ndilo linalokamilisha, jambo ambalo wapenzi wa supu ya asubuhi walilijua bila maabara.

Usingizi ndio ulio mgumu zaidi. Harusi za jiji hupamba moto usiku wa Ijumaa na Jumamosi, na dansa wa kukodiwa hurudi nyumbani alfajiri, kwenye chumba cha mabati kinachoanza kuchemka saa mbili asubuhi. Hapa ushauri wa kulala mapema ni maneno matupu. Kinachowezekana ni kulala kwa vipande: saa moja na nusu alasiri kabla ya shoo, na usingizi wa asubuhi chumbani kwa ndugu mwenye feni. Mazoezi magumu yasipangwe Jumapili wala Jumatatu asubuhi. Kiongozi wa shoo anayetoza faini ya kuchelewa Jumatatu anajitengenezea majeruhi wa Alhamisi.

Jeraha la kawaida ni kifundo cha mguu kilichoteguka. Makosa hufanyika ndani ya saa mbili za kwanza, jamaa wanapoleta mafuta ya nazi na kuanza kuchua. Kuchua mguu uliovimba kunaongeza damu inayovuja ndani. Siku mbili tatu za mwanzo zinataka kuufunga kwa bandeji, kuuinua, na barafu ya mfuko inayouzwa nyumba ya tatu, ikizungushiwa kitambaa, dakika 15 kwa mara moja. Kuchua kuna nafasi yake baadaye. Mwenye maumivu juu ya mfupa wenyewe, au asiyeweza kupiga hatua nne, anahitaji picha ya eksirei. Kurudi kazini kupimwe kwa kusimama na mguu mmoja macho yamefumbwa na kulinganisha na mguu mzima, kwa sababu maumivu huisha kabla kifundo hakijajifunza upya kusawazisha mwili.

Mwaka wa dansa wa pwani una umbo lake. Wiki za kabla ya Ramadhani, wakati wa vunja jungu, kazi hujaa kupita kiasi. Mwezi wenyewe ukiingia, ngoma na harusi hukaa kimya. Makocha wa michezo hulipia wataalamu kuwapangia kipindi cha mapumziko cha namna hiyo. Hapa kalenda imekitoa bure, ingawa mfuko nao hukauka, na wengi huziba pengo kwa bodaboda au kibanda cha futari. Anayefunga anaweza kufanya mazoezi mepesi nusu saa kabla ya magharibi, kisha afuturu kwa tende, uji na viazi vitamu, na mazoezi ya nguvu yafuate saa mbili baadaye, mara mbili au tatu kwa wiki, ili misuli isilegee. Mialiko ya Idi huja yote kwa mpigo. Mwili uliopumzika mwezi mzima hupandishwa kwa hatua: siku za kwanza muda wa nusu shoo na bila kuruka, na mapigo 240 yakirudishwa baada ya kiuno kuzoea tena 120.