Paka katika Chumba cha Mchoraji

Tsuguharu Foujita, mchoraji Mjapani aliyezaliwa mwaka 1886 na kuhamia Paris mwaka 1913, alijichora mara kadhaa akiwa kazini pamoja na paka. Katika picha ya mwaka 1929 ameketi mezani penye brashi na wino, na paka amejibanza kwake.

Wako wasemao kwamba paka huyo ni pambo tu. Sisi twakataa. Mstari ule ule mwembamba unaochora nywele za mwenye nyumba ndio unaochora sharubu za paka, hapana aliyependelewa.

Tena tuitazame picha yake ya mwaka 1940, mwaka ambao vita viliifikia Paris. Humo paka wengi wararuana, meno na makucha nje. Ajuaye kuwapakata tu asingaliweza kuichora. Aliyewachora hivi aliwatazama hata walipotisha.

Walimu wenzetu, hapa pana funzo la insha. Mwanafunzi na aandike juu ya kile anachoamka nacho kila siku, uzuri wake na ukali wake. Asiyekaa na kitu hukisifu tu. Akaaye nacho hukieleza.