Presha si Ugonjwa wa Mabwanyenye

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwahimiza wakulima kuchimba vyoo na kupiga vita malaria. Hatuibezi. Kasoro yake ni kuinyamazia presha, na hadi leo wapo makada wanaoiita ugonjwa wa mabwanyenye. Utafiti wa 1992 hadi 1995 katika wilaya ya Morogoro Vijijini ulionyesha kwamba kiharusi kiliua kila mwaka wanaume 35 katika kila 100,000 wenye miaka 15 hadi 64. Uingereza walikuwa 11 hivi. Bwanyenye hapo ni nani?

Presha haiumi, mkulima huijua akishaanguka shambani. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam. Ndugu katibu wa tawi, zahanati yako ilimpima lini mkulima asiyeumwa?