Chupa Nne za Maji na Mji Mzima

Mpwa wangu aliweka kidole juu ya kipanya akakiacha hapo. Kwenye skrini alikuwa amesimama katika roshani ya Tenpenny Tower, usiku, mbele yake kisanduku chenye kitufe kimoja. Mbali kule gizani mji wa Megaton ulionekana kama nukta za mwanga, mfano wa taa za wavuvi wa dagaa ukizitazama kutoka Katonga.

"Mjomba, nikibonyeza nalipwa ngapi?"

Nikamwambia vizibo 500, au 1,000 kama alijua kupatana bei.

"Na ningelitegua bomu?"

Vizibo 100. Ukiwa na maneno, 500.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasevu mchezo, akabonyeza. Anga ikawa nyeupe, upepo ukaja, na pale palipokuwa na mji pakabaki wingu. Alikaa akilitazama wingu lile bila kusema neno. Halafu akafungua sevu yake ya mwanzo, na dakika tatu baadaye Megaton ilikuwa imesimama tena, watu wake wanatembea, mbwa wanabweka.

Uchambuzi wangu unaanzia kwenye kule kusevu. Mara nyingi tunaposifu gemu kwa kumpa mchezaji uamuzi mgumu, tunatazama tu uchungu wa swali lenyewe: uwaue au usiwaue? Uzito wa uamuzi hautoki kwenye swali peke yake. Unatoka pia kwenye malipo, kwenye muda unaopita kabla matokeo hayajaonekana, na kwenye mambo ambayo mchezaji hakuambiwa wakati anaamua. Fallout 3 ina misheni mbili zinazokaa karibu karibu, moja ilikosea hesabu hizo na nyingine ilizipatia kwa namna inayouma.

Kwa asiyeijua: ni gemu ya Bethesda Game Studios ya Marekani, ilitoka Oktoba 2008. Umri huo ndio unaoifanya ichezeke kwenye kompyuta zilizotumika tulizo nazo huku Buzebazeba, Kigoma. Hadithi iko mwaka 2277, miaka 200 baada ya vita vya nyuklia vya Oktoba 2077. Kijana anatoka kwenye handaki alilokulia, Vault 101, kumtafuta baba yake katika magofu ya Washington. Fedha ni vizibo vya chupa za soda. Maji safi ni mali kubwa, jambo ambalo mtu anayeishi kando ya Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, inabidi alifikirie mara mbili ndipo alihisi. Mji mkubwa wa mwanzo mwanzo, Megaton, umejengwa kulizunguka bomu la atomiki lililoanguka bila kulipuka. Sherifu wa mji, Lucas Simms, anataka liteguliwe. Mgeni mmoja mwenye miwani myeusi, Mister Burke, amekaa baa akitafuta mtu wa kulilipua, kwa sababu tajiri Allistair Tenpenny, akikaa ghorofani kwake, anaona mji ule unamharibia mandhari.

Sasa tazama malipo. Shetani analipa zaidi ya malaika, na hapo wasanifu walikuwa sahihi. Ndivyo dunia ilivyo na ndivyo kishawishi kinavyofanya kazi. Tatizo ni zawadi kubwa kuliko fedha. Ukilitegua bomu unapewa nyumba Megaton. Ukililipua unapewa chumba cha kifahari Tenpenny Tower. Nyumba kwa nyumba. Kitanda kipo kote, kabati la kuwekea vitu lipo kote. Mwenye duka la Megaton, Moira Brown, anaweza kunusurika hata mlipuko, ngozi imebabuka, na bado akaendelea kukupa kazi zake. Yaani gemu inahangaika kuhakikisha mchezaji hakosi kitu, na kwa huruma hiyo inaupunguza uamuzi wenyewe hadi unakuwa suala la kuchagua mtaa wa kuhamia.

Halafu kuna karma. Ni namba iliyofichwa ndani ya programu, inayopanda hadi 1,000 na kushuka hadi hasi 1,000. Kulitegua bomu kunakuongezea 200. Kulilipua kunakukata 1,000. Ukiishia hapo utaona mizani imekaa sawa. Lakini nje ya lango la Megaton amekaa mzee mmoja ombaomba, midomo imekauka, anaomba maji. Kila chupa ya maji safi unayompa inakuongezea 50, na anapokea hata ukimpa kila siku. Piga hesabu. Chupa nne zinalingana na kuokoa mji mzima. Aliyeuteketeza mji akashuka hadi chini kabisa ya mizani, kwa kipimo hicho chupa 20 zinamrudisha kwenye sifuri, mtu wa kawaida asiye na doa.

Hili linaniudhi kila ninapolifikiria, na si kwa sababu ni gemu. Maji kwa mwenye kiu ni jambo kubwa. Nimelelewa kwenye nyumba ambayo mtungi haukukauka barazani kwa ajili ya mpita njia. Ila sijapata kumsikia shehe wala padri akifundisha kwamba damu ya watu inaoshwa kwa ndoo. Kosa la kiufundi ni kuweka wema na ubaya kwenye mstari mmoja, kisha kuruhusu kimoja kikifute kingine. Ukishafanya hivyo umetengeneza fedha nyingine tu, vizibo vya rohoni, na mchezaji atavichuma na kuvitumia kama anavyofanya na vile vya soda.

Waliofuata waliliona. Fallout: New Vegas, iliyotengenezwa na Obsidian mwaka 2010, iliongeza sifa ya mchezaji kwa kila kundi peke yake, na ndani ya sifa hiyo mema yanahesabiwa mbali na mabaya mbali. Ukiwatendea watu wa mji fulani mema kumi na maovu kumi, hawasemi umetoka sare. Wanakukumbuka kwa yote mawili, na hawajui wakuweke wapi. Mtu aliyewahi kupunja watu kwenye biashara ya dagaa pale mwalo wa Kibirizi anaujua mfumo huu bila kufundishwa.

Jambo moja katika Megaton linafanya kazi vizuri, nalo halina namba. Baadaye sana, ukimpata baba yako, anazungumza nawe kuhusu mji ule. Amesikia. Hakupigi, hakunyang'anyi kitu, anakuambia tu kwamba hakutegemea. Mpwa wangu hakufika huko kwa njia ya mlipuko, lakini mimi nilifika, miaka ile, na nilizima kompyuta. Niongeze pia kwamba toleo lililouzwa Japani halina uamuzi huu kabisa: Mister Burke aliondolewa na bomu haliwezi kulipuliwa. Sina la kuwalaumu.

Tuje Tenpenny Tower. Jengo ni la matajiri, lina ukuta na walinzi. Nje ya lango kuna mtu anayezozana na spika ya lango ili aingie, Roy Phillips. Ni ghuli. Maghuli katika gemu hii ni watu waliochomwa na mionzi hadi ngozi ikabambuka na sauti ikakwaruza, lakini akili zao timamu. Baadhi yao ndio huharibika akili wakawa wakali kama wanyama. Roy na wenzake wanaishi kwenye handaki la reli karibu na hapo. Wana vizibo vya kulipia pango. Wakazi hawawataki kwa sababu ya sura.

Njia ni tatu. Mkuu wa walinzi, Gustavo, atakulipa 500 ukiwaua maghuli wote. Roy atakulipa ukimfungulia mlango wa chini, maghuli wakali waingie wawamalize wakazi. Ya tatu ndiyo ngumu kuifanya: unamshawishi Tenpenny, kisha unapita kwa wakazi wenye chuki mmoja mmoja, huyu kwa maneno matamu, yule kwa kumfichulia siri ya ndoa yake, mpaka wakubali au wahame. Inachosha. Na uchovu huo ni sehemu ya usanifu, kwa sababu jasho la njia ya amani linamfanya mchezaji aamini kwamba amestahili mwisho mwema.

Maghuli wanaingia. Gemu inakuhesabia kwamba misheni imekamilika. Unaondoka.

Siku kadhaa za ndani ya mchezo zikipita, ukirudi, jengo ni la maghuli peke yao. Ukiuliza, Roy anajibu kwamba hawakuelewana na wale wengine. Wote wameuawa.

Hapa ndipo ufundi ulipo. Megaton inakuonyesha matokeo papo hapo, kwa hiyo unasevu, unalipua, unatazama, unarudi. Mpwa wangu alikula tunda akalirudisha mtini. Tenpenny Tower inachelewesha. Matokeo yanapokuja umeshafanya mambo mengine mengi, umeshaokota, umeshauza, umeshaandika sevu nyingine juu ya ile ya zamani. Kurudi nyuma kunawezekana, lakini kuna gharama ya saa zako mwenyewe, na hiyo ndiyo fedha pekee ambayo gemu haiwezi kuigushi. Enzi tukitumia umeme wa majenereta ya dizeli, kabla ya Gridi ya Taifa kufika, tulijifunza hivyo hivyo: umeme ukikatika kabla hujasevu, uliyoyapoteza yamepotea, na ukilazimika kuyarudia unayarudia ukiwa mtu mwingine.

Karma nayo inapotea njia. Ukimuua Roy baada ya mauaji yale, mizani inakukata kana kwamba umemuua mtu mwema. Ukimuua mapema, katika siku zile chache maghuli wamehamia na wakazi wako hai, wakazi wanapona, na bado unakatwa. Wachezaji wengi husema huo ni uzembe wa waandishi. Huenda. Lakini kwa mchezaji aliyekwisha kuizoea namba ile kama mwalimu, hapo namba inamwacha peke yake, na kwa mara ya kwanza anaamua bila kutazama malipo.

Pamoja na sifa hizo nina ugomvi na misheni hii, na ni ugomvi wa mtu wa Kigoma. Sisi tunamjua mtu aliyesimama langoni. Warundi walikuja 1972, wakaja tena 1993. Wakongo walikuja 1996, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili yao huko Kasulu. Mei 2015 Warundi maelfu kwa maelfu walirundikana kijijini Kagunga, ufukweni, mahali pasipo na barabara ya maana, na MV Liemba, meli iliyojengwa na Wajerumani 1913, ikawa inakwenda na kurudi kuwaleta mjini. Wengine walipokelewa kwenye uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika. Kipindupindu kilizuka. Kwa hiyo siwacheki wakazi wa Tenpenny Tower kwa kuogopa. Kufungua mlango kuna gharama, na hapa kwetu gharama hiyo imelipwa na watu wenye sura na majina. Ila pia najua kwamba mwaka 2014 serikali yetu iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 kati ya wale waliokuja 1972 na watoto wao, na leo ni wakulima, walimu, majirani. Huo nao ni mwisho wa hadithi ya mlango uliofunguliwa, na wasanifu hawakuuwekea hata njia ya kuufikia.

Tatizo liko kwenye sauti. Wale maghuli wa handakini wako pamoja na Roy: yupo Michael Masters, mtu wa maneno ya utulivu, na yupo Bessie Lynn. Lakini anayeamua ni Roy peke yake, na hasira yake ndiyo inayokuwa hatima ya wote. Laiti Masters angepewa nafasi ya kumpinga, au mchezaji angepewa kazi ya kurudi siku ya pili kusuluhisha ugomvi wa ngazi na jiko, maana ndiko watu waliohamia pamoja wanakogombana, matokeo yangebaki machungu bila kuwa hukumu kwa kila aliyewahi kubisha hodi. Gemu yenyewe inajua kwamba inawezekana. Ndani ya jumba la makumbusho la Washington kuna mji mzima wa maghuli, Underworld, wanaoishi kwa amani na kumkaribisha mgeni.

Mpwa wangu alichagua njia ya amani. Ilimchukua jioni mbili. Jioni ya nne alirudi Tenpenny Tower kuuza silaha alizookota, akakuta ukimya, akaongea na Roy, kisha akashuka chini kabisa ya jengo. Alikuwa akisogeza kishale juu ya kila maiti asome jina. Akafika kwa Herbert Dashwood.

Dashwood ni mzee mtembezi ambaye visa vyake vya ujana hurushwa kwenye redio ya ndani ya mchezo, yeye na rafiki yake Argyle, na Argyle alikuwa ghuli. Kijana alikuwa akivisikiliza visa hivyo wiki nzima. Ndiye mkazi ambaye hakuhitaji kushawishiwa.

"Mjomba, huyu si alikuwa upande wao?"

Nikamwambia ndiyo.

Akafungua orodha ya sevu. Ile ya kabla ya mlango ilikuwepo, ya siku nne nyuma. Aliitazama, akaifunga orodha, akampandisha mtu wake ngazi pole pole hadi kwenye chumba alichokuwa akikaa yule mzee, akasimama mlangoni.